Binti Yako Anacheza Softboli? Mvalishe Kinga ya Uso

Mzazi mwenzangu uliyehamia Marekani, binti akirudi na fomu ya timu ya softboli, huenda mchezo wenyewe hujawahi kuuona. Ni ndugu wa besiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, wengine wanaukimbilia. Mpira wa wasichana wa miaka 12 una mzingo wa sentimita 30 na uzito wa gramu 180 hivi. Uminye kwa kidole gumba: haubonyei.

Hatari iko wapi hasa? Mrusha mpira wa umri huo anasimama futi 40, yaani mita 12, kutoka kwa mpigaji. Akisharusha, hatua yake imemsogeza mbele zaidi, na mkono mtupu bado uko hewani. Mpira uliopigwa kwa kasi ya maili 60 kwa saa unamfikia usoni kabla nusu sekunde haijaisha. Hata mtu mzima angechelewa kuinua glavu. Walinzi wa kituo (base) cha kwanza na cha tatu nao husogea mbele kuelekea kwa mpigaji mara kwa mara, kwa hiyo hawako salama.

Sheria inasemaje? Kwenye mechi za shule za sekondari, mpigaji lazima avae helmeti yenye wavu wa uso, na mdakaji anayechuchumaa nyuma yake lazima avae kinga. Walio uwanjani kwa kawaida wanaruhusiwa kuvaa kinga ya uso, ila si lazima. Ligi za watoto hutofautiana, kwa hiyo muulize kocha kabla ya msimu. Mimi naona iwe lazima kwa mrusha mpira na walinzi wa kituo cha kwanza na cha tatu. Msichana akiachiwa achague, ataangalia wenzake kwanza. Hataki kuonekana mwoga peke yake. Kanuni ikiwa ya wote, hana wa kumwonea aibu.

Kinga yenyewe ni fremu ya chuma au plastiki ngumu, yenye sponji kwenye paji, mashavu na kidevu, na mikanda ya kufunga kisogoni. Maduka ya vifaa vya michezo huiuza dola 25 hadi 70 hivi. Ya mtumba si mbaya, ila ikague kwenye mwanga: ikiwa na ufa au imepinda, iache. Ijaribuni akiwa amefunga nywele kama siku ya mechi, maana rasta nene hubadilisha kipimo kabisa. Mwambie atikise kichwa kwa nguvu. Isicheze, wala isiguse pua au miwani.

Atalalamika kwamba haoni vizuri. Aivae mazoezini kwanza mpaka aizoee, asianze nayo siku ya mechi.

Fedha zikiwa ngumu, wazazi wachange timu iwe na kinga tatu za kupokezana. Kutengeneza jino moja lililovunjika kunaweza kugharimu zaidi kuliko zote tatu.

Kinga hailindi ubongo. Mtoto akigongwa kichwani kisha akachanganyikiwa, akaumwa kichwa au kutapika, atoke uwanjani na apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Akizimia, piga 911. Jino la ukubwani likingʼoka, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, litie kwenye maziwa baridi na umkimbize kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa.