Mguu wa Mtoto Ukilegea Ghafla: Fanya Haya

Jana alikuwa anafukuza kuku uani. Leo umemsimamisha, mguu mmoja haumbebi. Usiku alikuwa na homa. Bibi anasema amerogwa, jirani anasema amekanyaga dawa, baba anasema tungoje Jumatatu. Usingoje. Hapa Haut-Lomami, mguu unaolegea ghafla hutufanya tufikirie polio kwanza. Una siku 14 za kumpimisha ili jibu liwe la kuaminika, na hesabu huanzia siku mguu ulipolegea.

Elewa palipokatika

Wewe wa Kamina unaijua reli. Treni ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya Kalemie zote hupita gare yetu. Gare ikifungwa, kijiji cha mbele hakioni treni, hata kama reli yake ni nzima. Ndivyo na mwili. Ubongo hutoa amri, amri hupita uti wa mgongo, kisha neva huifikisha kwenye msuli. Virusi vya polio huua zile seli za uti wa mgongo zinazopokea amri na kuipeleka mbele. Mfupa ni mzima, amri haifiki. Maumivu hupita njia nyingine. Ndiyo maana mtoto wa polio ukimfinya analia, lakini mguu hausogei.

Mwangalie kwa dakika mbili

Mlaze chali. Inua mguu mmoja kidogo, uachie polepole, kisha wa pili. Uliolegea hulala kama kitenge kilicholowa. Andika tarehe ulegevu ulipoanza. Andika pia kama alikuwa na homa, na kama alichomwa sindano siku hizo.

Usijipe kazi ya kutaja ugonjwa

Sindano ya matakoni ikigusa neva kubwa, nayo hulegeza mguu. Ugonjwa wa Guillain-Barré hulegeza miguu yote miwili, kisha unaweza kupanda juu. Konzo, inayoletwa na mihogo michungu isiyoloweshwa ya kutosha, hukakamaza miguu badala ya kuilegeza. Kuyatenganisha hayo ni kazi ya daktari. Yako ni kumfikisha.

Nenda siku hiyo hiyo

Ukifika kituo cha afya, usianze na hadithi ndefu. Sema: «Mtoto wangu amelegea mguu ghafla, tangu siku fulani.» Ulegevu wa ghafla wa mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 lazima utolewe taarifa kwenye zoni ya afya, na muuguzi analijua hilo. Uko kijijini, mbali na kituo? Mwite reko, yule mhudumu wa afya wa jamii, wa mtaa wako. Yeye anajua wa kumwarifu.

Kuna dalili zisizongoja

Akipumua kwa shida, sauti ikififia, au akishindwa kumeza mate, mkimbize Hospitali Kuu ya Rufaa. Polio ikifika kwenye misuli ya kupumua, huua.

Toa choo mara mbili

Hapa wazazi wengi hushangaa. Mtoto kalegea mguu, mbona wanataka mavi? Kwa sababu virusi vya polio huzaliana tumboni na kutoka na choo. Zinahitajika sampuli mbili, zikipishana angalau saa 24, zote ndani ya zile siku 14. Ukichelewa, virusi hupungua na jibu hupotea. Sampuli hubebwa kwenye baridi hadi maabara ya INRB, Kinshasa. Kwa hiyo ukishatoa ya kwanza, usitoroke na mtoto. Kesho rudi na ya pili.

Kataa sindano ya kubahatisha

Mtu anayepita mtaani na mkoba wa sindano, mwambie hapana. Kuchoma msuli wakati virusi vya polio viko mwilini kunaweza kuzidisha kupooza. Lakini ikiwa mtoto ana malaria kali na daktari amesema sindano ni lazima, mkubalie.

Usimkande wala kumchanja chale

Siku za homa na maumivu, mguu unataka kupumzika. Mlaze sawasawa. Kunja kitenge, ukiegemeze kwenye nyayo ili kidole gumba kiangalie juu. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Usimlazimishe kutembea.

Homa ikiisha, anza mazoezi

Mwombe muuguzi au mtaalamu wa viungo akuonyeshe. Kila siku kunja na kunjua nyonga, goti na kifundo cha mguu, taratibu, bila kumtia uchungu. Hakuna dawa inayofufua seli zilizokufa. Lakini seli zilizobaki zinaweza kuchukua sehemu ya kazi, na nguvu nyingi zinazorudi hurudi katika miezi ya mwanzo. Viungo vikiachwa vikakunjika na kuganda, nguvu hiyo haina pa kufanyia kazi.

Rudi siku ya 60

Siku 60 tangu ulegevu uanze, mtoto huangaliwa tena kuona kama kupooza kumebaki. Hata kama anatembea, mpeleke.

Linda wengine nyumbani

Virusi hutoka na choo kwa wiki kadhaa. Mavi ya mtoto yatupwe chooni, si nyuma ya nyumba. Nawa kwa sabuni kabla ya kusonga bukari na kabla ya kumlisha. Chemsha maji ya kunywa. Mtu mmoja tu kati ya 200 walioambukizwa ndiye hupooza. Wengine hucheza na kueneza, na wewe huoni kitu.

Kamilisha chanjo

Matone mdomoni siku za kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 14 kuna pia sindano ya polio. Tunza fishi ya chanjo kama unavyotunza hati ya kiwanja. Kampeni ikipita nyumba kwa nyumba, mtoe mtoto tena hata kama fishi imejaa. Matone ya ziada hayamdhuru.

Utasikia watu wakisema chanjo ndiyo imeleta polio. Jibu kwa ukweli. Kongo iliona polio ya asili mara ya mwisho mwaka 2011. Mwaka 2017 polio ya aina ya pili ilizuka hapa Haut-Lomami, na Februari 2018 serikali ikatangaza dharura ya kitaifa. Virusi hivyo vilitokana na kirusi dhaifu cha matone, kilichozunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa mpaka kikabadilika na kupata nguvu. Pale watoto karibu wote walipochanjwa, hakipati pa kuzungukia. Kwa hiyo anayekimbia chanjo ndiye anayekifungulia mlango.

Kwa hiyo leo, kabla ya giza, fanya jambo moja. Fungua fishi ya kila mtoto aliye nyumbani mwako, hata yule wa shangazi aliyekuja na treni kutoka Kabongo, hata yule aliyetoka kambi za wavuvi kule Malemba-Nkulu. Ukiona pengo, kesho asubuhi mpeleke kituoni. Matone mawili humezwa kwa sekunde moja. Mguu uliopooza, mtoto anaweza kuuburuta maisha yake yote.