SOMO: Mpira wa Maji Una Njia Mbili



Kazi zetu nyingi hutulaza mbali na nyumbani. Wajenzi wa barabara huhama na kambi yao. Wavunaji wa chai na wakataji wa miwa hupangiwa mabweni wakati wa msimu. Vibarua wa mashamba ya ndizi hulala palipo na kazi. Huko tulalako, iwe ni hema, kibanda cha mabati au karavani ya magurudumu, jambo la kwanza tunalouliza ni maji.

Mara nyingi jibu huwa ni mpira. Mtu anaufunga kwenye bomba la karibu, anautupa upande wa pili ndani ya pipa, maji yanatoka, watu wanashukuru na kazi inaendelea. Somo hili linahusu mpira huo, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba maji hupita ndani yake kwa njia moja tu, kutoka kwenye bomba kuja kwetu. Si kweli. Siku nyingine maji hurudi, na yakirudi huchukua chochote yalichokikuta pipani.

1. MAJI YETU YANATOKA WAPI

Tuangalie wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara. Kikagate iko ukingoni mwa Mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Murongo, nchi ya Tanzania. Katika wilaya hiyo hiyo yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yamepokea watu tangu siku za wakimbizi wa Rwanda, miaka ya mwisho ya 1950. Leo wanaishi humo watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, na wengi wao husikilizana kwa Kiswahili.

Mto upo na Ziwa Nakivale lipo, lakini kuyaona maji si sawa na kuwa na maji ya kunywa. Maji ya ziwa lazima yavutwe kwa mashine, yachujwe tope, yatiwe klorini, ndipo yapelekwe kwa mabomba hadi vituo vya kutekea. Kila jerikeni inayotoka bombani imegharimu mafuta au umeme, dawa, na jasho la mfanyakazi mwenzetu wa mitambo ya maji. Yeye ametimiza sehemu yake. Sehemu iliyobaki, kutoka bombani hadi kikombeni, iko mikononi mwetu.

2. KWA NINI MAJI HURUDI NYUMA

Kila aliyewahi kunyonya petroli tangini kwa kipande cha mpira analijua jambo hili. Ukinyonya kidogo tu, petroli hupanda, hupita ukingo na kuanza kumwagika yenyewe bila kunyonywa tena. Bomba la maji nalo laweza kunyonya namna hiyo.

Maji ya bomba husukumwa na kimo cha tangi. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya baa 1. Tangi likiwa kilimani, mita 30 juu ya kambi, bomba la kambi lina presha ya baa 3 hivi, na maji hutoka kwa nguvu. Sasa fikiri kwamba bomba kubwa limepasuka bondeni, au fundi amelifungua kulitengeneza, au umeme umekatika na tangi limekauka. Presha inakwisha. Maji yaliyomo ndani ya mabomba yanateremka kuelekea bondeni, na nyuma yake yanavuta kama mtu anayenyonya mrija. Ikiwa koki yako iko wazi na ncha ya mpira wako imezama ndani ya pipa, bomba litalinyonya pipa lako.

Kama pipa lina maji ya kufulia, sabuni itaingia bombani. Kama lina dawa ya kuua magugu au wadudu, iliyokuwa ikichanganywa kwa ajili ya kupulizia shambani, dawa hiyo itaingia bombani. Baadaye presha ikirudi, itasukumwa hadi koki ya jirani, ambako mama anajaza jerikeni ya uji wa watoto. Hatajua. Dawa nyingine hazionekani wala hazinuki zikishachanganyika na maji mengi.

3. MAMBO YALIYOKWISHA KUTOKEA

Hii si hadithi ya kutishana. Mwaka 1933, mjini Chicago, Marekani, mabomba mabovu ya hoteli mbili yaliyaruhusu maji machafu kuingia katika maji ya kunywa. Wageni walikuwa wamekuja kwa maonyesho makubwa ya dunia, wakarudi makwao na ugonjwa wa kuhara damu wa amiba. Watu 98 walikufa.

Mwaka 1969, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wachezaji wa chuo cha Holy Cross walinywa maji ya bomba la uwanja wao wa mazoezi. Wazima moto walikuwa wakivuta maji mengi kuzima nyumba iliyoungua karibu na hapo, na presha ikashuka. Bomba likanyonya maji machafu kutoka katika mashimo ya koki za kumwagilia nyasi, mahali walipokuwa wakicheza watoto wenye ugonjwa wa manjano ya ini. Kati ya watu 97 wa timu, wachezaji na walimu wao, karibu 90 waliambukizwa. Michezo yao iliyobaki ya mwaka huo ikafutwa.

Ikiwa mambo hayo yalitokea katika miji yenye mafundi na wakaguzi wengi, kambi yetu haina kinga kwa sababu tu haijawahi kutokea.

4. JINSI YA KUUNGA KAMBI KWENYE BOMBA

Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, ulizeni. Si kila bomba ni la kunywa. Mashamba mengine yana mabomba ya umwagiliaji yanayoleta maji ya mto moja kwa moja. Mwenye bomba aseme wazi, na koki itiwe alama.

Pili, tengeni mipira. Mpira wa maji ya kunywa uwe wa aina iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mpira wa kawaida wa bustani ukichomwa na jua hutoa ladha mbaya, na mingine ina vitu vyenye sumu. Mpira uliowahi kufanya kazi ya dawa ya shamba, mafuta au choo usirudishwe kamwe kwenye maji ya kunywa, hata ukioshwa mara kumi. Tieni rangi mbili tofauti ili hata anayefanya kazi usiku asikosee.

Tatu, safisheni koki kwa kitambaa safi chenye maji ya klorini. Fungueni maji yamwagike dakika moja au mbili kabla ya kuunga, kisha yapiteni ndani ya mpira kabla ya kuyaelekeza tangini. Maji yaliyolala mpirani si ya kunywa.

Nne, wekeni valvu ya kuzuia maji yasirudi, pale pale kwenye koki. Ni kifaa kidogo, na bei yake haifikii bei ya kumtibu mgonjwa mmoja.

Tano, acheni nafasi ya hewa. Hii ndiyo kinga iliyo bora kuliko zote, na haigharimu chochote. Ncha ya mpira isiguse maji ya tangi wala ya pipa. Ifungeni juu ya mdomo wa tangi, ibaki nafasi isiyopungua mara mbili ya upana wa mpira, na isiwe chini ya sentimita 2.5. Bomba likinyonya, litanyonya hewa tu. Pipa la kuchanganyia dawa ya shamba lisijazwe kwa mpira uliounganishwa na bomba la kunywa. Maji yabebwe kwa ndoo au yatoke katika tangi la pembeni.

Sita, kwa wale wenye karavani yenye mabomba ndani, wekeni kipunguza presha kwenye koki. Mabomba hayo membamba hupewa baa 3 hivi. Usiku watu wanapolala presha ya bomba kuu hupanda, na asubuhi utakuta maungio yamepasuka na magodoro yameloa. Aliye na tangi ni heri alijaze tangi kwa njia ya nafasi ya hewa, kuliko kuungana na bomba moja kwa moja.

Saba, kazi ikiisha, fungeni koki kwanza, mwageni maji yote ya mpirani, unganisheni ncha mbili za mpira ili wadudu na vumbi visiingie, kisha utundikeni. Mpira usilale matopeni.

5. KUSAFISHA TANGI

Tangi jipya, au lililokaa bila kazi, lioshwe kabla ya kutumiwa. Sugueni ndani kwa brashi, mwageni uchafu, kisha jazeni maji. Kwa tangi la lita 1,000 tieni lita moja na nusu ya dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini asilimia 3.5, isiyo na manukato. Acheni kwa saa 24 huku mdomo umefunikwa na mtu yeyote asinywe. Kisha mwageni yote mbali na mimea na mifugo, suuzeni, jazeni upya. Msichanganye dawa hiyo na asidi au dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa hewa inayochoma mapafu.

6. HESABU YA MAJI

Msimamizi akisema "maji yapo", mwulizeni ni kiasi gani. Katika kambi za wakimbizi kipimo cha chini kinachojulikana kimataifa wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na baada ya hapo hulengwa lita 20. Koki moja isihudumie watu zaidi ya 250, na isiwe mbali zaidi ya mita 500.

Tuchukue kambi ya wafanyakazi 60. Kwa lita 20 kila mmoja wanahitaji lita 1,200 kwa siku. Tangi moja la lita 1,000 halitoshi. Koki inayotoa lita 7 na nusu kwa dakika itachukua saa 2 na dakika 40 kutoa maji hayo. Kama maji hufunguliwa saa moja tu kwa siku, hesabu inaonyesha kwamba kuna watakaolala bila kuoga, na wengine watateka mtoni. Mwende mkutanoni na hesabu hiyo. Mwajiri aweza kubishana na malalamiko. Kubishana na hesabu ni kugumu zaidi.

7. WAJIBU NI WA NANI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji salama ya kunywa ya kutosha, na inatambua wawakilishi na kamati za usalama mahali pa kazi. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliiweka haki ya mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Kwa hiyo valvu, mpira na tangi si zawadi ya bwana shamba. Ni vifaa vya kazi kama panga na viatu.

Wajibu wetu nao upo. Anayeutupa mpira ndani ya pipa la dawa si mwajiri, ni mmoja wetu mwenye haraka. Tena bomba halimbagui mtu. Mwenye kazi ya kudumu, kibarua wa siku moja na mkimbizi aliyekuja kuvuna wanakunywa maji ya bomba moja. Akikosea mmoja, wanaugua wote. Kwa sababu hiyo kila anayelala kambini afundishwe somo hili kwa lugha anayoielewa, awe mwanachama au asiwe.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA TAWI

1. Katika kambi yenu, pipa la dawa ya shamba hujazwa kwa njia gani? Nendeni mkaangalie kabla ya kujibu.
2. Je, koki yenu ina valvu ya kuzuia maji yasirudi? Nani ana jukumu la kuikagua?
3. Pigeni hesabu: mko wangapi, mnapata lita ngapi, na mnapungukiwa lita ngapi?
4. Mwakilishi wa usalama ataandika nini kwa mwajiri, na mtampa siku ngapi za kujibu?