Sotoka Haina Mpaka

Afya ya nyumba huanzia pia zizini. Sotoka haiambukizi watu, lakini miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki. Maziwa yakakosekana, na njaa ikaua watu wengi.

Mifugo na nyati huvuka mipaka, hivyo nchi moja peke yake haiwezi kuushinda ugonjwa huu. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1976 nchi za Afrika zilichanja ng'ombe kwa pamoja. Sotoka ikapungua sana, uangalizi ukalegea, na miaka ya 1980 ikaenea tena. Mwaka 1986 nchi hizo zikaungana upya, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa sotoka ya ng'ombe imetokomezwa duniani.

Imebaki sotoka ya mbuzi na kondoo. Je, sisi wafugaji tufanye nini?

1. Siku ya chanjo tupeleke wanyama wote.
2. Tukiona homa, makamasi, vidonda vya mdomo na kuhara, tumwarifu bwana mifugo mapema.
3. Tusipeleke wanyama wagonjwa mnadani.

Tukificha ugonjwa, tunamwumiza jirani wa ng'ambo, na watoto wetu wenyewe.