Kusoma Shahada ya Ualimu Ukiwa Kazini Isiolo

Mwalimu wa P1 anayetaka shahada bila kuacha kazi aanze na hati yake ya KCSE, ndipo atafute chuo. Wengi hulipa karo kwanza, halafu baadaye wanaambiwa kwamba masomo waliyochagua hayatawafikisha kwenye ajira ya sekondari. TSC humtaka mwalimu wa sekondari mwenye shahada awe alipata wastani wa C+ katika KCSE, na C+ katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Kwa hiyo usichukue Historia na Kiswahili kwa kuwa rafiki yako anayasoma. Kisha hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Masomo ya aina hii si mageni Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwasomesha walimu shahada ya ualimu kwa masafa mwaka 1986. Siku hizi vyuo vingi huwaita walimu Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa. Mimi nilisomea Meru, na sisi wa Isiolo tuna bahati kwa hilo: matatu inakufikisha asubuhi kabla ya somo la kwanza. Mwenzako wa Merti au Oldonyiro lazima akodi chumba, kwa hiyo apige hesabu ya kodi, chakula na nauli pamoja na karo kabla ya kugusa mkopo wa sacco.

Shida kubwa ni muda. Likizo za Aprili na Agosti ni fupi, na Novemba walimu wengi husimamia mitihani ya kitaifa. Kwa miaka kadhaa Ramadhani nayo ilikutana na masomo ya Aprili. Wenzangu waliofunga walisoma baada ya daku, wakalala mchana kati ya vipindi. Ukingoja likizo ndipo ufungue moduli, umechelewa. Nilisoma muhula ukiendelea, alfajiri kabla joto la Isiolo halijapanda, na jioni nilisahihisha madaftari ya wanafunzi tu. Kuchanganya hayo mawili usiku mmoja huharibu yote.

Lakini jambo lililonisaidia kuliko ratiba yoyote ni darasa langu mwenyewe. Katika darasa moja la mjini hapa utawapata watoto wa Kiborana, Kiturkana, Kisomali, Kisamburu na Kimeru. Nadharia ya Vygotsky, kwamba mtoto hujifunza kwa msaada wa anayemzidi ujuzi, ilinisumbua kwenye kurasa za moduli. Niliielewa nilipomsikia msichana akimfafanulia mwenzake sehemu kwa Kiborana, na yule mwenzake akasimama kunijibu kwa Kiswahili, jibu sahihi. Tangu siku hiyo kila kazi ya chuo niliianzia darasani. Nilipotakiwa kuandika juu ya mahudhurio, nilikuwa na rejista za miaka ya ukame, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo na familia zikahama na mifugo. Rejista ilionyesha wazi nani aliondoka, lini, na nani alirudi. Hakuna kitabu cha maktaba ambacho kingenipa hayo. Omba tu idhini ya mwalimu mkuu, na usiandike jina la mtoto yeyote.

Kuhusu mshahara, ni vyema ujue mapema. Tangu TSC ilipotoa miongozo mipya ya maendeleo ya kikazi mwishoni mwa 2017, cheti peke yake hakikupandishi daraja. Lazima nafasi iwepo, uombe, na utendaji wako upimwe. Anayesoma kwa ajili ya nyongeza ya haraka atavunjika moyo. Mimi naona shahada ina thamani hata kabla ya cheo, kwa sababu nilianza kufundisha vizuri zaidi nikiwa bado mwaka wa pili, na wazazi waliliona hilo.

Ombi langu ni kwa walimu wakuu wa kaunti hii. Mnapopanga zamu za muhula na mafunzo ya CBC ya likizo, mwulizeni kwanza mwalimu anayesoma tarehe za mitihani yake. Atazijua mapema, na nafasi yake ya siku hizo inaweza kuzibwa bila darasa kukosa mwalimu.