Semantiki ya Masharti katika Ufundishaji wa Utafiti wa Uendeshaji: Mfano wa Mahindi ya Ufipa

1.0 Utangulizi

Utafiti wa uendeshaji ni tawi la hisabati tumizi linaloshughulikia namna ya kugawa rasilimali chache ili lengo fulani lifikiwe kwa njia iliyo bora. Tawi hili lilichipuka Uingereza katika miaka ya 1930, katika kazi za rada, likapanuka wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 George Dantzig alibuni mbinu ya simpleksi, ambayo mpaka leo hufundishwa katika shahada ya kwanza. Kwa kawaida kozi hii huchukuliwa kuwa mali ya wanahisabati peke yao. Makala haya yanadai kwamba hatua yake ya kwanza, yaani kugeuza tatizo lililosimuliwa kuwa milinganyo, ni kazi ya semantiki. Na kwamba mwanafunzi wa Tanzania hana budi kuizoea kazi hiyo kwa Kiswahili, hata kama mihadhara anaipata kwa Kiingereza.

2.0 Tatizo Lenyewe

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mkoa wa Rukwa, ambao makao yake makuu ni Sumbawanga, umejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa mikoa inayozalisha mahindi kwa wingi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kwa kuwa mkoa huo uko mbali na masoko makubwa, swali la usafirishaji halikwepeki. Tuchukue mfano mdogo, wenye tarakimu za kubuni.

Ghala la Sumbawanga lina magunia 600, na la Laela lina 400. Mpanda inahitaji magunia yasiyopungua 300. Tunduma yasiyopungua 500. Gharama ya kusafirisha gunia moja kutoka Sumbawanga ni shilingi 3,000 hadi Mpanda na 4,000 hadi Tunduma. Kutoka Laela ni 5,000 hadi Mpanda na 2,000 hadi Tunduma. Gharama yote iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Kisha msimamizi anaongeza agizo moja:

(1) Maghala yote yasibaki na mahindi.

3.0 Uchambuzi

Sentensi (1) ina utata wa upeo, kama ilivyo sentensi "Wanafunzi wote hawakuja". Kikanushi kikiwa ndani ya upeo wa "yote", maana ni kwamba kila ghala litolewe mahindi mpaka liishe. Kikanushi kikitawala "yote", hasa neno hilo linapotiwa mkazo, maana ni kwamba isiwe maghala yote mawili yamebaki na mahindi. Likiisha moja, agizo limetimizwa.

Kwa fasiri ya pili, Laela itapeleka magunia yake 400 Tunduma, na Sumbawanga itapeleka 100 Tunduma na 300 Mpanda. Gharama ni shilingi 2,100,000, na magunia 200 yatabaki Sumbawanga. Kwa fasiri ya kwanza, magunia hayo 200 nayo hayana budi kusafirishwa, na njia rahisi kwake ni ya Mpanda. Gharama inafikia 2,700,000. Tofauti ya shilingi 600,000 haikutokana na kosa la hesabu. Simpleksi itatoa jibu sahihi kwa kila fasiri. Haiwezi kueleza ni fasiri ipi iliyokusudiwa.

Wapo watakaosema kwamba huu ni upungufu wa Kiswahili. Hoja hiyo haina nguvu. Kiingereza nacho kina utata wa namna hii, na Kiswahili kina zana za kuuondoa:

(2) Ghala lolote lisibaki na mahindi.
(3) Angalau ghala moja liishe mahindi.

Mwanafunzi aliyezoezwa kuandika (2) au (3) mahali pa (1) ameshafanya nusu ya kazi ya mwanahisabati.

4.0 Lengo Ni la Nani?

Lengo nalo huhitaji uchambuzi. Katika mfano wetu tumesema "gharama" bila kutaja anayeilipa. Historia ya Rukwa inaonyesha uzito wa jambo hili. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mazao kwa nchi nzima. Mkulima wa Ufipa alilipwa sawa na aliye karibu na soko, na gharama ya umbali ikabebwa na chombo cha umma kilichonunua. Sera hiyo ilichochea kilimo cha mahindi katika mikoa ya pembezoni. Ilipoondolewa, umbali ulirudi kwa mkulima mwenyewe. Kwa hiyo milinganyo ya chombo kinachonunua na ya mkulima anayeuza haiwezi kuwa na lengo moja, ingawa mahindi ni yale yale na barabara ni ile ile. Neno "gharama" linapokosa mwenyewe, mwanafunzi hujaza pengo hilo bila kujua kwamba amefanya uamuzi.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba kabla ya kuandika mlinganyo wowote, mwanafunzi atakiwe kuandika tatizo kwa Kiswahili, akitenga sentensi za vigeu, za masharti na za lengo. Abainishe upeo wa kila kikanushi. Na ataje mwenye kila gharama. Zoezi hili lisimamiwe kwa pamoja na walimu wa hisabati na wa isimu. Mkulima na mtunza ghala hawatasoma milinganyo. Watasomewa sentensi, na hao ndio wanaoweza kusema kama tatizo lililotatuliwa ni lao.