Mlio Umekwisha, Hatari Bado Ipo

Somo kwa familia za mafundi baruti

Mtu akitajiwa kazi ya baruti hufikiria mlio. Mama mwenye mwana machimboni huwa na wasiwasi siku ya kulipua, na akipata habari kwamba wamekwisha kulipua salama, moyo wake hutulia. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini hatari haiishi pamoja na mlio. Hubaki mambo manne: baruti iliyogoma, moshi, vumbi, na vitu vidogo ambavyo fundi hurudi navyo nyumbani. Somo la mwezi huu ni juu ya mambo hayo manne.

Somo hili linatuhusu sisi wa Kisesa na parokia zote za kandokando ya Ziwa. Nchi yetu ni ya mawe, na vijana wetu hutafuta riziki katika mawe hayo. Wako wanaopasua miamba kwa ajili ya kokoto na mawe ya kujengea. Wako wanaokwenda kwenye dhahabu, Misungwi, Kahama au Geita, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, hakuna tena kungojea kivuko kwenda Geita.

KAZI YENYEWE

Fundi baruti hutoboa mashimo katika mwamba, huyajaza baruti, na huweka fataki, yaani kile kidude kidogo kinachoamsha baruti. Huwaondoa watu, hutoa ishara, halafu hulipua akiwa mahali pa kujikinga. Tangu Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, kununua, kusafirisha na kutunza baruti hutaka kibali, na anayelipua sharti awe na cheti. Leo mambo hayo husimamiwa na Tume ya Madini, na ofisi ya Afisa Madini Mkazi ndiyo mahali pa kuuliza. Wengine huona cheti kuwa usumbufu wa serikali. Kumbe aliyefundishwa hujua pia jinsi ya kungoja, na katika kazi hii kungoja ndiko kunakookoa watu.

1. BARUTI ILIYOGOMA

Fundi mwangalifu huhesabu milio. Kama ametia mashimo nane na amesikia milio saba, huenda shimo moja bado liko hai. Utambi unaweza kuwaka polepole ndani kwa ndani na kulipua wakati mtu amekwisha inama juu yake. Kwa sababu hiyo kanuni za machimbo za Marekani, kwa mfano, hukataza mtu yeyote kurudi kabla ya dakika 30 kupita, ikiwa utambi ulitumika na inadhaniwa kuna shimo lililogoma. Baada ya kungoja, mwenye cheti peke yake ndiye anayekwenda kukagua. Shimo lililogoma halichokolewi kwa mtarimbo, wala halitobolewi upya.

2. MOSHI

Hapa yafaa tukae kidogo, maana watu wengi huudharau moshi. Baruti inapolipuka hugeuka kuwa hewa, na katika hewa hizo mna sumu mbili kubwa.

Ya kwanza ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ndiyo ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hukamata damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea, naye hudhani ni njaa au uchovu. Katika duara refu anaweza kuzimia kabla hajafika juu.

Ya pili ni naitrojeni dayoksaidi. Hii ikiwa nyingi huonekana kama moshi wa rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu. Huwasha macho na koo. Ubaya wake ni kwamba hudanganya. Mtu hukohoa kidogo, hutoka nje, hupata nafuu, hula chakula chake na kulala. Baada ya saa kadhaa, hata siku nzima, mapafu huanza kujaa maji na pumzi hukata. Nyumbani watu husema ni malaria au kichomi, na saa za kumwokoa hupotea.

Kwa hiyo, aliyevuta moshi wa baruti na akakohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama anasema amepona. Tena amwambie mganga maneno haya: “Nimevuta moshi wa baruti.” Maneno hayo yatamfanya mganga aangalie mapafu na amweke chini ya uangalizi.

Je, tungoje muda gani kabla ya kushuka? Juu ya ardhi upepo huondoa moshi upesi. Ndani ya duara jembamba moshi huweza kukaa saa nyingi, kwa hiyo hewa safi sharti ipulizwe kwa mashine mpaka chini. Mshumaa si kipimo: unaweza kuwaka vizuri kabisa mahali penye kaboni monoksaidi ya kuua. Kipimo cha kweli ni chombo cha kupimia hewa.

Tunajua kwa nini watu hawangoji. Malipo hutegemea mawe yaliyotolewa, mwenye duara anahesabu gharama, na anayetangulia kushuka hutumaini kuona mawe mazuri kwanza. Lakini haraka haraka haina baraka. Mwenye duara anayesukuma watu kwenye moshi anacheza na maisha yao, nao wana haki ya kukataa.

Na mmoja akianguka chini, msimfuate mbiombio. Wako waliokufa kwa kumfuata ndugu yao kwa upendo. Pulizeni hewa kwanza, itisheni msaada, na asishuke mtu asiye na kifaa cha kupumulia na kamba inayoshikwa na walio juu.

3. VUMBI

Moshi huua kwa saa. Vumbi huua kwa miaka. Miamba mingi ya huku kwetu, na mawe mengi yenye dhahabu, ina madini yaitwayo silika. Vumbi lake laini haliwezi kuonekana kwa macho, nalo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Huko West Virginia, Marekani, katika miaka ya 1930 na 1931, wafanyakazi walichimba njia ya maji ndani ya mwamba wenye silika nyingi huko Hawk's Nest bila kinga ya vumbi. Mamia yao walikufa. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza pia kwamba vumbi hilo huleta saratani ya mapafu.

Mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine, na kifua kikuu huambukiza mke na watoto. Akikohoa wiki mbili au zaidi, akikonda, akitoka jasho usiku, aende kupimwa, na aseme kwamba anafanya kazi ya mawe. Matibabu ya kifua kikuu nchini kwetu ni bure. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imehudumia wachimbaji wengi wa Mirerani wenye magonjwa haya mawili.

Kinga kubwa ni maji. Tobolea kwa maji, lowesha mawe kabla ya kuyasomba, na kaa upande upepo unakotoka. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini. Inatakiwa barakoa maalumu. Akina mama wanaogonga kokoto nao wakumbuke kuwa mtoto mgongoni huvuta vumbi lile lile.

Neno moja juu ya masikio: mlio wa baruti na kelele za mashine ya kutoboa huua usikivu, na ukifa haurudi. Baba anayeanza kusema “Nini?” kila mara nyumbani huenda hana dharau, huenda haisikii familia yake.

4. VINAVYOFIKA NYUMBANI

Fataki ni ndogo kama kipande cha kalamu, tena inang'aa. Mtoto akiiona huiokota, huigonga kwa jiwe au kuitia motoni. Fataki moja yatosha kukata vidole na kupofusha macho. Isikae mfukoni, chini ya kitanda, wala darini. Mahali pake ni stoo ya baruti iliyoruhusiwa, mbali na nyumba. Tunakumbuka maghala ya silaha ya jeshi yalivyolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, watu wakafa majumbani mwao. Mtoto akikuta kitu asichokijua, asikiguse. Aite mtu mzima, na polisi wapewe habari.

Mifuko ya baruti isiwekewe mahindi wala dagaa, kwa sababu kemikali zake zikiingia tumboni huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, hasa kwa watoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Baadhi ya baruti, kama dinamiti aliyoivumbua Alfred Nobel katika miaka ya 1860, zina nitrogliserini, ambayo hupita katika ngozi, hutanua mishipa ya damu na kuleta maumivu makali ya kichwa. Wafanyakazi wa viwanda vya dinamiti walikijua vizuri kichwa hicho cha Jumatatu, walipoirudia kazi baada ya mapumziko. Vaa glavu, na nawa kabla ya kula.

AJALI IKITOKEA

(a) Hakikisheni kwanza kwamba hakuna baruti nyingine iliyobaki.
(b) Damu ikimwagika, kandamizeni jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia.
(c) Jicho lililoumia msilisugue wala kutoa kitu kilichochoma, lifunikeni taratibu.
(d) Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake mafuta wala dawa ya meno.
(e) Mpelekeni hospitali mara moja. Msimfiche kwa kuogopa maswali ya polisi.

Aliyeajiriwa na akaumia kazini aulize haki yake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, kuna familia kati yetu yenye mtu anayefanya kazi ya baruti? Ana cheti?
2. Kwa nini vijana hushuka kabla moshi haujaisha? Nani anaweza kusema na wenye maduara?
3. Watoto wetu wanajua fataki ikoje, na wafanye nini wakiiona?
4. Nani katika jumuiya yetu amekohoa zaidi ya wiki mbili, na nani atamsindikiza kwenda kupimwa?