UPS inalia, kompyuta haisikii: unganisha waya wa data na useti programu yake

Somo la leo ni la wenye kompyuta ya mezani, dukani au nyumbani. Kama oda zako zote ziko kwenye simu, au una laptopu ambayo betri yake bado nzima, pita tu, utarudi siku ukinunua ya mezani.

Sisi wa Michenga na Ifakara yote tunaishi jirani na maji yanayowasha taa za nchi. Kidatu ni megawati 204, Kihansi ni megawati 180, na zote ziko pembezoni mwa bonde letu. Lakini tawi la mwembe likiangukia nyaya wakati wa masika, giza linaingia kwetu kama kwingine. Ndiyo maana wengi tumenunua UPS. Shida ni kwamba nyingi ninazokutana nazo zimefungwa nusu: umeme umeunganishwa, mawasiliano hayajaunganishwa.

Kuna dada hapa Michenga anauza mchele kwa mtandao. Anapokea oda, anazijaza kwenye Excel: jina, kilo ngapi, supa au wa kawaida, gunia lishushwe Morogoro au Mbezi, amelipa au bado. Siku moja faili likiwa wazi, yeye yuko stendi anapakia mzigo, umeme ukakatika. UPS yake ilifanya kazi vizuri kabisa. Ililia pii, pii, pii, majirani wakaisikia, mlango umefungwa. Baada ya dakika kama kumi na tano betri ikaisha na kompyuta ikazimika ghafla, sawasawa na isiyo na UPS. Faili likagoma kufunguka. Meseji za malipo alikuwa nazo kwenye simu, lakini meseji ya malipo inakupa jina na kiasi tu. Haikuambii mzigo unashuka wapi. Siku tatu alikuwa anapigia watu waliokwishalipa kuwauliza waliagiza nini, na mteja akiulizwa hivyo anaanza kujiuliza kama hajatapeliwa.

Yaani UPS peke yake inakununulia dakika. Ukiwepo, dakika hizo unazitumia kuhifadhi kazi na kuzima. Usipokuwepo, lazima kompyuta yenyewe ijue kwamba umeme umekatika na betri inaisha, ili ijizime kwa utaratibu. Kazi hiyo inafanywa na vitu viwili: waya wa data na programu. Programu hiyo ina kipande kinaitwa draiva, ndicho kinachoifanya kompyuta ielewe lugha ya UPS.

Anza na nyuma ya UPS. Tafuta tundu la mraba la USB kama lile la printa. Likiwepo, waya wa printa unaingia. UPS nyingi za APC zina tundu linalofanana na la waya wa intaneti, limeandikwa data, na waya wake ni wa pekee, unakuja ndani ya boksi. Usiutupe boksi kabla hujautoa! Hapa kuna mitego miwili. Matundu mawili yaliyokaa pamoja, moja la kuingia na jingine la kutoka, ni ya kukinga laini ya simu au ya intaneti dhidi ya radi. Hayo hayana data. Na tundu bapa la USB kwa mbele, kama lipo, mara nyingi ni la kuchaji simu tu. Kama UPS yako haina tundu la data kabisa (za bei ya chini nyingi hazina), hakuna programu itakayokusaidia. Ukienda kununua nyingine, muulize muuzaji hilo kabla ya kuuliza bei.

Sasa chomeka waya kwenye kompyuta ya Windows na usubiri dakika moja. Angalia pembeni mwa saa, kona ya chini kulia. Ukiona alama ya betri imetokea, kama ya laptopu, umebahatika: UPS yako inaongea lugha ya kawaida ya USB na Windows tayari ina draiva yake. Huhitaji kupakua kitu. Ukitaka uhakika, fungua "Device Manager", sehemu ya "Batteries", utakuta "HID UPS Battery".

Kuonekana tu hakutoshi, lazima uiambie ifanye nini. Fungua "Control Panel", kisha "Power Options", "Change plan settings", halafu "Change advanced power settings". Shuka mpaka "Battery". Penye "Critical battery action" chagua "Hibernate". Maana yake kompyuta inaandika kwenye diski kila kilichokuwa wazi, kisha inajizima kabisa. Ukija kuiwasha, Excel inakukuta palepale ulipoachia. Mimi naipenda kuliko "Shut down", kwa sababu kuzima kwa kawaida hakuhifadhi oda uliyokuwa hujaibonyezea "Save". Kama neno hilo halipo kwenye orodha, fungua "Command Prompt" kwa ruhusa ya msimamizi, andika powercfg /hibernate on, bonyeza Enter, urudi tena kuangalia.

Chini yake kuna "Critical battery level", yaani betri ikifika asilimia ngapi ndipo ichukue hatua. Usiiache kwenye tano. Betri ya UPS ndogo inadanganya: inaonyesha arobaini, dakika mbili baadaye imekufa. Mimi naweka 30, na "Low battery level" naweka 45 ili onyo litangulie. Ndiyo, unapoteza dakika kadhaa za kufanya kazi gizani. Wacha zipotee.

Alama ya betri isipotokea, UPS yako inaongea lugha ya kiwandani kwake, na hapo ndipo programu ya mtengenezaji inahitajika. APC wana PowerChute, inatolewa bure kwenye tovuti yao. UPS nyingi zisizo na jina kubwa hutumia ViewPower au UPSmart. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi uone wameandika ipi. Pakua kwa mtengenezaji, siyo kwenye tovuti zinazokuahidi draiva zote za dunia kwa kubonyeza mara moja, wala kwenye flashi inayozunguka mjini. Kompyuta yenye meseji za wateja na hesabu zako siyo ya kujaribia. Ukishaifunga programu, mambo ya kutafuta ni yaleyale mawili: ifanye nini, na ifanye lini. Na tumia moja tu. Kama programu ya kiwanda ndiyo inasimamia UPS, usiwe na nyingine inayogombania waya uleule, zitavurugana.

Wenye kompyuta za zamani waliofungiwa Ubuntu msisikitike, nyinyi mna NUT, inaingia kwa sudo apt install nut. Kwenye faili la nut.conf andika MODE=standalone. Kisha endesha sudo nut-scanner -U, itakuonyesha draiva inayofaa: kwa kawaida usbhid-ups, au nutdrv_qx kwa zile za bei nafuu. Hiyo unaiweka kwenye ups.conf pamoja na jina ulilolichagua, tuseme "duka". Kuna pia upsd.users na upsmon.conf za kumruhusu mlinzi wa programu azime mashine. Mwombe fundi akae nawe nusu saa kwa hizo. Ukiandika upsc duka, tazama mstari wa ups.status. OL ni umeme wa ukutani, OB ni betri, na OB LB ni betri inayokaribia kwisha. Hapo kwenye OB LB ndipo inapozima.

Halafu ijaribu, hapa ndipo watu wanaruka. Acha betri ichaji usiku kucha. Asubuhi fungua faili la majaribio, siyo la oda, andika chochote, kisha chomoa plagi ya UPS ukutani na ukae pembeni bila kugusa kitu. Shika saa. Uandike dakika ngapi zilipita mpaka kompyuta ikajizima yenyewe. Irudishe umeme, iwashe, uone faili limerudi au la. Kama ilizimika ghafla, ongeza asilimia urudie kesho yake.

Kwenye jaribio hilo printa ya leza isiwe imechomekwa kwenye UPS, na hata siku za kawaida isiwemo. UPS ya VA 650 inabeba wati 360 hivi, wakati leza ikipasha moto inavuta kupita hapo. Rauta ya intaneti weka, inakula kidogo sana.

Kitu cha mwisho ni joto letu. Ndani ya UPS ndogo mara nyingi kuna betri ya volti 12, saa-ampea 7. Betri hizo hupimwa kwa nyuzi 25, na kwa kila nyuzi 10 zinazozidi hapo, umri wake unapungua karibu nusu. Chini ya bati la Ifakara mwezi wa Desemba, hesabu mwenyewe. Iweke sakafuni, mbali na dirisha, na usiifunike kitambaa. Andika kwa kalamu nzito tarehe uliyoianza. Rudia jaribio kila miezi mitatu ukilinganisha na zile dakika ulizoandika. Zikishuka chini ya tano, nunua betri mpya, UPS yenyewe bado nzima.

Ukikwama, nitumie picha ya matundu ya nyuma pamoja na modeli iliyoandikwa kwenye stika. Picha ya mbele hainisaidii.